Multimita ya DT-830 kwenye meza ya treni ndogo: inapofaa na inapodanganya

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo au Luthuli Avenue ukaomba multimita ya bei ya chini, utapewa DT-830: kasha la plastiki, mara nyingi la njano au jeusi, kitufe kikubwa cha kuzungusha katikati na matundu matatu ya waya. Inauzwa vivyo hivyo Muscat, Birmingham na Toronto, kila muuzaji na chapa yake. Mafundi redio wanaijua vizuri. Hapa tunaipima kwa kazi ambayo haikutengenezewa: kutafuta hitilafu ya umeme kwenye meza ya treni ndogo, yaani reli za skeli ya HO, OO au N zilizofungwa juu ya mbao, ambako treni inakimbia vizuri upande mmoja na kuzimika upande wa pili.

Kwa meza ya DC ya volti 12, ile inayobadili mwendo wa treni kwa kupandisha na kushusha volti, mita hii inatosha karibu kila kitu. Kwa meza ya DCC, ile inayotuma amri za kidijitali kwa kila kichwa cha treni kupitia reli, inatosha nusu, na nusu ya pili unaipata kwa diodi nne za bei ya pipi. Ila usiinunue peke yake. Chukua pamoja nayo balbu mbili za gari za volti 12: ndogo ya wati 5 (W5W, ile ya taa ya namba) na kubwa ya wati 21 (P21W, ile ya indiketa), pamoja na vishikizio vyake na waya wenye klipu za mamba. Bila balbu hizo, DT-830 itakuambia kila kitu kiko sawa huku treni imesimama mbele yako.

Volti zipo, treni haiendi

Hili ndilo tatizo linalowachosha watu wengi, na chanzo chake kiko ndani ya mita yenyewe. Upande wa volti za DC, DT-830 ina ukinzani wa karibu megaomu 1. Ukiipachika kwenye reli yenye volti 12, inavuta mikroampea 12 tu, ambazo hazisukumi chochote.

Sasa chukua joina, kile kipande cha chuma kinachounganisha reli mbili, iliyoota kutu hadi ikawa na ukinzani wa omu 50. Mikroampea 12 zikipita hapo zinapoteza milivolti 0.6. Kioo cha mita kwenye kipimo cha 20 kina nafasi mbili tu baada ya nukta, kwa hiyo kinaandika 12.00 bila aibu. Kichwa cha treni kinachotaka ampea 0.3 kikifika hapo hakipati kitu: hata ukiunga reli moja kwa moja baada ya joina hiyo, omu 50 haziruhusu zaidi ya ampea 0.24. Mita imesema kweli kuhusu volti, lakini swali lililopaswa kuulizwa ni la mzigo.

Kwa hiyo pima chini ya mzigo kila mara. Ondoa vichwa vyote na mabehewa yenye taa mezani. Weka kontrola, kile kisanduku cha kurekebisha mwendo, kwenye volti 12. Funga balbu ya W5W kati ya reli mbili, pale pale unapopimia, kisha weka ncha za mita juu ya reli. Balbu ya wati 5 inavuta ampea 0.42 kwa volti 12, karibu sawa na kichwa cha HO chenye mzigo. Anza mahali umeme unapoingilia, andika namba, halafu sogea mita moja moja kuzunguka njia nzima ukiandika. Upotevu wa hadi nusu volti hauna tatizo. Ukifika volti 1, treni itaonekana kupungua mwendo kila ikipita hapo. Balbu ikiwa nyekundu hafifu na mita ikaanguka chini ya volti 3, joina mbovu iko kati ya hapo na mahali pa mwisho ulipopima vizuri.

Kwa meza ya DC usitumie balbu ya wati 21 kupima namna hii. Inataka ampea 1.75, na kontrola nyingi za kawaida zinatoa ampea 1 au zaidi kidogo. Itajikata, nawe utadhani umepata shoti.

Pima pia kontrola peke yake kabla ya kulaumu reli: ng'oa nyaya zinazokwenda mezani, funga W5W kwenye matokeo yake, zungusha kitufe kutoka sifuri hadi mwisho. Volti zipande polepole bila kuruka. Kontrola za kielektroniki zinazotuma umeme kwa vipande vipande huonyesha wastani tu kwenye DC, na bila mzigo zinaweza kuonyesha namba za ajabu hata zikiwa zimezimwa. Hiyo si hitilafu. Weka balbu, namba itatulia.

Kwa nini joina zinakufa

Reli nyingi ni za shaba nyeupe, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao unapitisha umeme vibaya mara nyingi kuliko shaba tupu. Unene wa reli unasaidia, lakini joina haishiki reli nzima; inagusa sehemu chache tu kwa mbano wa chuma chembamba. Rangi ya kuzeesha reli, gundi ya kokoto na vumbi vinaingia humo. Kwa anayeishi Dar, Mombasa, Unguja au Muscat ongeza chumvi ya hewani. Ndiyo maana tunamkanya mtu wa pwani asinunue reli za Bachmann E-Z Track zenye kitako cheusi: reli zake ni za chuma cha kawaida kinachoshika kutu kirahisi. Zenye kitako cha kijivu ni za shaba nyeupe, na tofauti ya bei inajilipa.

Dawa ni kutotegemea joina kwa umeme kabisa. Pitisha waya mkuu wa jozi chini ya meza, na kutoka humo lehemu waya mfupi wa kulishia kwenye kila kipande cha reli, au angalau kila mita moja. Waya mkuu uwe wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule ule wa taa za nyumbani. Kwa DCC ya ampea 5 au meza ndefu, tumia 2.5 ya soketi. Hesabu yake ni rahisi: waya wa 1.5 una karibu omu 0.012 kwa mita. Treni ikiwa mita 5 kutoka kontrola, umeme unakwenda mita 5 na kurudi mita 5. Kwa ampea 3 unapoteza volti 0.36. Ukitumia nyaya za kebo ya intaneti, kama wengi wanavyojaribu kwa kuwa zipo bure, umbali huo huo unakula volti 2.5. Nyaya hizo zinafaa kwa kulishia, urefu wa sentimita 20 au 30 kutoka waya mkuu hadi reli. Zisiwe waya mkuu.

Mlio unaokubali kila kitu

Toleo la DT-830B halina mlio wa kupima kama waya umekatika. Lina alama ya diodi tu. DT-830D na DT-838 zina mlio. Herufi hizi haziheshimiwi na watengenezaji wote, kwa hiyo angalia uso wa mita: tafuta alama ya spika au mawimbi karibu na ile ya diodi.

Mlio ni msaada mkubwa unapokuwa umejikunja chini ya meza na huoni kioo. Tatizo ni kwamba unalia kwa chochote kilicho chini ya omu 70 hivi. Mota ya kichwa cha HO iko ndani ya kiwango hicho, kwa hiyo kichwa kimoja kilichosahauliwa kwenye njia ya pembeni kinaifanya meza nzima ionekane ina shoti. Koili ya mota ya pointi (pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili) na taa za behewa zinaweza kufanya vivyo hivyo. Na ile joina ya omu 50 tuliyoisema, mlio unaipasisha.

Utumie kwa maswali ya ndiyo na hapana peke yake: waya huu wa kijani ndio unaotokea kule? Reli hizi mbili zimegusana? Jibu likiwa «ndiyo», hamia kipimo cha omu 200 uone namba. Gusanisha ncha kwanza: waya za mita hii zenyewe zina omu 0.5 hadi 1. Toa hiyo. Kinachobaki, kama ni chini ya omu 1, usikiamini sana, kwa sababu tofauti kati ya kiungo kizuri cha omu 0.02 na kibovu cha omu 0.3 inapotelea kwenye waya za kupimia.

Jambo jingine ambalo mita haioni kabisa ni uchafu juu ya reli. Ncha kali ya chuma inatoboa ukoko mweusi na kusoma vizuri. Gurudumu la mviringo linapanda juu yake na kukosa umeme. Kama vipimo vyote chini ya mzigo ni sawa lakini treni inashtukashtuka, pangusa reli na magurudumu kwa kitambaa chenye isopropili. Usisugue kwa pamba ya chuma. Nyuzi zake zinavutwa na sumaku ya mota na kuingia ndani ya kichwa.

Kuwinda shoti kwa milivolti

Hapa mita ya bei ya chini inafanya kazi ya chombo cha gharama kubwa, na ni sababu tosha ya kuwa nayo.

Unahitaji betri ya volti 12, kama ile ya UPS au ya king'ora, na balbu ya P21W. Ng'oa kontrola au busta ya DCC, kifaa kinachosukuma umeme na amri kwenye reli, kutoka mezani. Ondoa kila kichwa, hasa chenye dikoda, ile chipu ya kupokea amri za DCC. Funga betri kwenye waya mkuu, balbu ikiwa katikati ya waya mmoja, kwa mfuatano. Balbu isipowaka, hakuna shoti kwa sasa. Ikiwaka kwa nguvu zote, ipo shoti, na sasa kuna mkondo wa ampea 1.7 hivi unaopita humo bila kuunguza kitu, kwa kuwa balbu imeuwekea mpaka. Usithubutu kuunga betri bila balbu. Betri ya aina hiyo haijui kujikata, itayeyusha joina na mataruma ya plastiki.

Weka mita kwenye DC milivolti 200. Gusa reli MOJA kwa ncha zote mbili, zikiwa zimeachana sentimita 20. Kama mkondo unapita kwenye kipande hicho, utaona milivolti kadhaa au makumi. Kama haupiti, utaona sifuri. Sogea. Pale namba inapokufa, mkondo umetoka reli hii na kuingia ile nyingine, nawe unatazama mahali pa shoti: msumari uliogusa reli mbili, ufa wa kutenganisha uliojifunga kwa joto, tone la lehemu chini ya pointi.

Alama ya kutoa inafanya kazi pia. Ukiwa umeshika ncha nyekundu kushoto daima, namba isiyo na alama inamaanisha mkondo unatoka kushoto kwenda kulia. Yenye alama ya kutoa, unatoka kulia. Kwenye njia ya duara inayolishwa pande mbili, mikondo inakutana kwenye shoti kutoka kila upande, kwa hiyo alama inageuka unapoivuka. Mahali inapogeukia ndipo pa kuchunguza kwa tochi.

Njia hii inafuatilia hata waya mkuu wenyewe. Waya wa 1.5 wenye ampea 1.7 unaonyesha karibu milivolti 20 kwa kila mita. Pima kutoka kiungo cha lehemu hadi kinachofuata: baada ya kiungo fulani ikishuka hadi 0.0, mkondo umepinda kwenye waya wa kulishia wa hapo. Ufuate huo kwenda juu. Hakuna haja ya kukata nyaya zote moja moja, kazi ambayo huishia kwa kuziunganisha tena kimakosa.

Ujanja huo huo unapima joina pasipo shoti. Funga balbu ya P21W mwisho wa njia, kati ya reli mbili, lisha kwa betri upande wa mwanzo ukiweka fyuzi ya gari ya ampea 3 kwenye waya wa betri, kisha gusa kushoto na kulia kwa kila joina. Nzuri inaonyesha milivolti chache. Yenye omu 0.3, ambayo kipimo cha omu kiliipasisha, inaonyesha karibu nusu volti. Hamia kipimo cha milivolti 2000 kama kioo kimeandika 1 peke yake upande wa kushoto. Maana yake imezidi.

DCC: hapa usiiamini moja kwa moja

Umeme wa DCC kwenye reli si DC wala AC ya ukutani. Ni wimbi la mraba linalobadili upande kila mikrosekunde 58 kwa biti ya moja na mikrosekunde 100 au zaidi kwa biti ya sifuri, yaani kati ya mizunguko 5,000 na 8,600 hivi kwa sekunde. DT-830 imeandikiwa AC ya masafa hadi 400. Tena inapima AC kwa diodi moja inayochukua nusu ya wimbi na kudhani ni wimbi laini la ukutani. Ukitaka kuona ilivyo ya kubahatisha, ipe volti 12 za DC kwenye kipimo cha AC: upande mmoja itaandika 26 na ushee, geuza waya itaandika sifuri.

Kwa hiyo namba ya AC kwenye reli za DCC inaweza kuwa 13 au 16 huku ukweli ni 14. Kulinganisha mahali na mahali inafaa: 15.2 kwenye busta na 12.9 mwisho wa njia, kwa mita ile ile, ni upotevu wa kweli. Kuitumia kujua volti halisi haifai. Kwenye kipimo cha DC utapata karibu sifuri, kwa sababu wimbi lina pande mbili sawa, na watu wengi hapo hudhani busta imekufa.

Dawa ni kijisanduku cha diodi. Diodi nne za 1N4148 zifungwe kwa umbo la daraja, na kwenye matokeo ya daraja weka rezista ya kiloomu 1, nusu wati. Ingiza reli mbili upande mmoja, mita kwenye DC 20 upande wa pili, na ongeza 1.4 kwenye namba unayosoma. Ukiona 12.8, reli ina volti 14.2. Kwa kuwa wimbi ni la mraba, daraja linatoa DC karibu tambarare, nayo DT-830 inaisoma vizuri kabisa. Rezista ina kazi yake: bila mkondo kidogo, diodi zinapoteza pungufu ya 1.4 na hesabu inapinda.

Ipo mita iliyotengenezwa mahususi, RRampMeter ya DCC Specialties, inayoonyesha volti na ampea za DCC moja kwa moja. Kwa klabu yenye meza kubwa tungeinunua. Kwa meza ya nyumbani ya mita 2 kwa 1, sanduku la diodi linatosha. Usidanganywe na maandishi ya «RMS halisi», yaani madai ya kusoma wimbi la umbo lolote, kwenye mita za bei ya kati. Nyingi zimeahidi usahihi hadi masafa ya 1,000 tu.

Baada ya volti, fanya jaribio la sarafu, ambalo halihitaji mita. Washa busta, chukua sarafu ya chuma, ilaze juu ya reli mbili kila mita moja na kwenye kila pointi. Busta ikate umeme papo hapo, kila mahali. Isipokata, ondoa sarafu haraka: nyaya zina ukinzani mwingi mno. Chukua busta ya ampea 5, volti 15, na njia yenye omu 3.3 jumla. Shoti itavuta ampea 4.5, busta haitajua kuna tatizo, na wati zaidi ya 60 zitabaki zinachoma joina, waya mwembamba na magurudumu hadi plastiki iyeyuke. Hii ndiyo sababu kubwa ya waya mnene kwenye DCC, kuliko hata mwendo wa treni.

Kwa mifumo midogo ya karibu ampea 2, kama Power Cab ya NCE, pima chini ya mzigo kwa W5W au balbu ya wati 10. Balbu ya 21 ikiwa baridi inavuta mkondo mkubwa sana kwa kitambo na mfumo utajizima.

Pointi

Shoti nyingi zinazotokea treni inapopita tu, na kutoweka unapoinama kuzitafuta, ziko kwenye pointi. Mita husaidia kidogo hapa, jicho zaidi.

Kwa pointi za Peco za Electrofrog, ile V ya katikati ni chuma kinachobadili upande wa umeme kulingana na ndimi, zile reli zinazosogea, zilivyolala. Ulimi ulio wazi una umeme wa upande wa pili wa reli iliyo karibu nao, kwa hiyo magurudumu ya ekseli moja yenye nafasi finyu kati ya migongo yao yanaugusa na kuunga shoti. Pima nafasi hiyo kwa kalipa: kwa HO inapaswa kuwa karibu milimita 14.4. Kwa Insulfrog V ni ya plastiki, na shoti inatokea pale reli mbili zinapokaribiana kwenye ncha yake, gurudumu pana likizigusa zote. Tone la rangi ya kucha juu ya reli hizo, milimita chache tu, linamaliza mambo, ingawa utalirudia likichakaa.

Ambapo DT-830 inasaidia ni kwenye ndimi. Pointi nyingi hutegemea mgusano wa ulimi na reli ya pembeni kupitisha umeme. Weka W5W baada ya pointi, geuza pointi mara kadhaa, tazama balbu. Ikiwaka mara hii na kufifia mara ile, mgusano umechafuka. Usipoteze muda kuusugua kila wiki, lisha V kwa swichi ndogo inayosukumwa na mota ya pointi.

Kabla ya kupachika dikoda

Dikoda nyingi zinazoungua zinaungua kwa kosa moja: brashi ya mota bado inagusa chesisi, ambayo inagusa gurudumu. Rangi za nyaya ni za kawaida ya NMRA, chama cha treni ndogo cha Marekani: nyekundu kutoka reli ya kulia, nyeusi kutoka kushoto, chungwa na kijivu kwenda kwa mota. Kabla dikoda haijaingia, weka mita kwenye omu na pima chungwa kwa nyekundu, chungwa kwa nyeusi, kijivu kwa nyekundu, kijivu kwa nyeusi. Zote nne zioneshe 1 ya kuzidi. Chungwa kwa kijivu ioneshe ukinzani wa mota. Zungusha gurudumu polepole unapopima. Kuna mgusano unaotokea kwenye pembe moja tu.

Kisha pima ampea za mota iliyozuiwa: volti 12 DC, mita kwa mfuatano kwenye tundu la 10A, bana magurudumu kwa kidole sekunde mbili, soma. Dikoda iwe na uwezo juu ya namba hiyo.

Pa kuogopa

Tundu la 10A halina fyuzi kwenye mita hizi. Ukimaliza kupima ampea, rudisha waya mwekundu tundu la katikati saa hiyo hiyo. Ukisahau na kugusa reli mbili, mita inakuwa kipande cha waya. Kinyume chake, ukipima ampea za treni kwenye tundu la miliampea, fyuzi ya 200 mA inakatika. Ni ya kioo, milimita 5 kwa 20, nunua akiba. Baadhi ya nakala za bei ya kutupa hazina hata fyuzi hiyo ndani. Fungua mgongo uone.

Umeme wa ukutani usiupime kwa mita hii, hata kama kitufe kimeandikwa 750. Plastiki yake nyembamba na waya zake hazistahili imani hiyo. Kinachotakiwa kujulikana kwa upande huo kimeandikwa kwenye kibandiko cha pakiti ya umeme: pakiti za Kato za soko la Japan ni za volti 100, za Marekani 120, na soketi za Afrika Mashariki na Oman ni 230 au 240. Soma kabla ya kuchomeka. Transfoma za zamani za Märklin zilizoandikwa 220 zinafanya kazi kwenye 240, lakini kila kitu kinapanda kwa asilimia 9. Msukumo wake wa volti 24 wa kugeuza treni unakuwa zaidi ya 26, na vichwa vilivyotiwa elektroniki havipendi hilo. Matokeo yake ya volti 16 unaweza kuyapima salama kwenye AC 200, mita inayasoma sawasawa.

Dukani

Chagua yenye alama ya mlio. Omba kujaribu: betri mpya ya 9V isome kati ya 9 na 9.7, ncha zikigusanishwa kwenye omu 200 zisome 1 au chini yake na namba itulie. Tikisa waya shingoni, pale unapoingia kwenye mshikio. Namba ikirukaruka, waya umekatika ndani ukiwa mpya. Waya ndizo sehemu dhaifu kuliko zote za DT-830. Seti ya waya za silikoni inagharimu karibu nusu ya bei ya mita nzima, na inastahili.

Haijizimi yenyewe. Betri ikichoka mita haifi, inaanza kuonyesha volti nyingi kuliko zilizopo, na alama ya betri kwenye kioo ni ndogo kiasi cha kupuuzwa. Reli ya volti 12 ikisoma 14 ghafla, badilisha betri ya mita kabla ya kufungua kontrola.